Nani Yuko Chumbani?

Walikutana wakigombea betri ya mwisho kwenye duka la vifaa vya umeme, watu wamebanana kaunta nzima. Mwanamume ni fundi wa ving'ora, suruali imejaa vumbi la ukuta. Mwanamke ni mshonaji, gauni la njano limemkaa sawasawa, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Haraka haraka haina baraka, kaka."

"Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, dada," fundi akajibu, lakini betri akamwachia.

Miezi minne baadaye walikuwa wanaitana "roho yangu". Nyumba ya jirani ilipovunjwa na wezi, fundi akamfungia mpenzi wake kihisi chumbani, kile kidude cheupe cha ukutani kinachonasa mwendo na kutuma taarifa kwenye simu ya mwenye chumba.

"Na paka wangu je? Akijikuna tu, mtaa mzima utoke nje?"

"Nimekirekebisha. Kinachopita chini ya kiuno hakikioni. Kikilia, jua ni mtu."

Wiki hiyo hiyo fundi aliazimia kuposa. Jumanne saa nne asubuhi, akiwa juu ya ngazi kwa mteja, simu yake ikatetema: mwendo chumbani kwa mshonaji. Akapiga.

"Uko wapi?"

"Kazini, roho yangu. Nakata gauni la bibi harusi."

"Nani yuko chumbani kwako?"

Sauti ndogo ikauliza: "Umejuaje?"

Mtu asiye na hatia angesema hakuna mtu!

"Basi posa imekufa!" akafoka, akakata.

Walifika mlangoni pamoja, fundi na nyundo mkononi, mshonaji akihema, pini bado zimechomekwa kifuani. Kufuli zima. Madirisha mazima. Wakaingia chumbani. Hakuna mtu. Ghafla paka akachupa kutoka kitandani hadi juu ya kabati, akapita mbele ya kihisi, king'ora kikapasua masikio.

Fundi akaachia nyundo. Alikuwa amekielekeza kihisi kwenye kabati, kosa ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza halifanyi. Kwake yeye, mwenye miguu minne hutembea sakafuni tu.

"Nisamehe, mpenzi. Ni paka."

Mshonaji akazima king'ora. Hakucheka.

"Ya paka yameisha. Simu yangu nayo ilitetema; habari za chumba changu zinafikaje kwenye yako?"

"Siku ya kufunga niliweka namba yangu ya kujaribia. Nikasahau kuitoa."

"Usinidanganye."

"Sikusahau. Niliiacha."

Mshonaji akaketi kitandani kama aliyesukumwa. "Siku zote hizi naingia humu, natoka, navaa, navua, na wewe unajua?"

Fundi akaifuta namba yake mbele ya macho ya mshonaji, akakihamishia kihisi pembeni, mbali na kabati, skrubu zikimdondoka mara mbili.

"Hiyo posa iliyokufa," mshonaji akasema, "ilikuwa hai lini?"

"Mpaka saa nne leo."

"Nenda kwa mama yangu. Mweleze kwa mdomo wako, ya paka na ya namba. Usiruke hata moja. Akikufukuza, usinitafute."

"Na asiponifukuza?"

"Kaa kwako usubiri. Nikitaka ujue nilipo, nitakupigia mimi."