Ujumbe Uliosubiri Ntalikwa

JUMATANO, BAADA YA ADHUHURI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani, Mtendeni. Joto kali. Feni ilizunguka kwa shida. Sabiri alipiga magoti akachora barabara sakafuni kwa chaki, kisha akaweka kizibo cha soda mahali pa Ntalikwa.

"Lori la Fuso linatoka ghalani Cheyo Ijumaa asubuhi. Limejaa nta. Abasi na wenzake wawili wanalisubiri hapa, barabara inapoingia miomboni. Wanamshusha dereva, wanamfunga, gari linaingia njia ya zamani ya misafara. Wanunuzi wako upande wa pili. Hakuna risasi. Hakuna maiti."

"Hakuna maiti," Octavian akarudia. Bila sharti hilo asingekanyaga pale.

Alikuwa amefunga simu za ofisi karibu nusu ya Tabora. Kisha akafungwa yeye, kwa wizi wa nyaya, na tangu atoke hakuna ofisi iliyompa kazi tena. Uchovu ulikuwa umemkaa mifupani. Aliukubali mchongo wa Sabiri kama mtu anavyokula ugali wa jana.

Kompyuta ndogo iliyokuwa pembeni ilikuwa kazi yake. Ndiyo sava, mtambo wa kuunganisha simu zao. Alikuwa ameiwekea programu ya bure ya simu za intaneti, ile ambayo fundi yeyote anaweza kuifungua na kuibadilisha apendavyo. Kila mmoja wao alipewa namba yake fupi. Wakipigiana humo, kampuni ya simu huona intaneti inatumika tu. Haijui nani kampigia nani. Kazi iliyopita iliwaangusha akina Sabiri kwa orodha ya simu walizopigiana. Wenzao wawili bado wako gerezani.

"Ila sauti sitaki," Sabiri alisema. "Najiat atakuwa ofisini kule ghalani, na watu. Abasi atakuwa kichakani. Nataka meseji. Zetu wenyewe."

"Sava inazikataa meseji, mzee. Inajua kupiga simu tu. Mpaka niifundishe."

"Basi ifundishe."

ALHAMISI

Aliifundisha. Kwanza aliiamuru ipokee maandishi hata kama hakuna simu inayoendelea. Kisha akaielekeza: soma namba ya anayetumiwa, mtafute, mpelekee. Sabiri aliandika "salamu" na simu ya Abasi ikalia. Wote wakacheka, isipokuwa Octavian.

Abasi akazima data. Sabiri akatuma tena. Kimya. Ujumbe ulikufa njiani na hakuna aliyeambiwa.

"Ntalikwa mtandao unakatikakatika," Abasi alisema. "Nikiwa bondeni sipati kitu."

Octavian akarudi kwenye kibodi mpaka alasiri. Akaongeza maelekezo: mtu asipopatikana, sava iuweke ujumbe wake, ijaribu tena na tena mpaka aonekane. Sabiri akatuma mara ya tatu; Abasi alipowasha data, salamu ikaingia.

"Fundi, wewe ni mtu hatari," Sabiri alisema, akampiga begani.

Jambo moja Octavian hakulisema, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Humo ndani ujumbe ulipita uchi. Aliyekaa mbele ya sava alisoma kila kitu.

IJUMAA, SAA NNE ASUBUHI

Sabiri alikaa kitini, bastola mapajani, simu mkononi. Octavian alikaa mbele ya kioo cha sava, amempa mgongo.

Wa kwanza kuandika alikuwa Najiat, karani wa ghala, mjane wa rafiki yake Octavian. Octavian ndiye aliyemwingiza humu. *Limetoka. Dereva wamembadilisha. Ni Gerson. Yuko peke yake, hana utingo.*

Sabiri alivuta pumzi kwa nguvu puani.

"Gerson yupi?"

"Simjui," Octavian alisema.

"Mimi namjua. Ameendesha malori na Abasi miaka mitano. Walilala chumba kimoja Isaka."

Habari hiyo haikumfikia Abasi. Alikuwa bondeni. Muda ulipita. Kisha mistari miwili ikaingia kwa mpigo: *Tumelishika. Ni Gerson, amenijua. Tumemfunga, tunaingia njia ya zamani. Nifanyeje?*

Sabiri alianza kuandika. Octavian hakugeuka. Maneno yalimjia usoni pale kwenye kioo: *Mmalize. Mfukieni mbali na njia.*

Chini yake sava ikaandika: mpokeaji hapatikani. Ujumbe unasubiri.

"Imefika?" Sabiri aliuliza.

Nje cherehani zilikuwa zikinguruma, na mtu alikuwa akibishania bei ya kitambaa. Octavian aliuangalia ule ujumbe umekaa pale, unangoja Abasi apande mlima. Ungefika. Aliutengeneza ufike.

"Bado, mzee. Mtandao."

"Endelea kujaribu."

Akaufuta. Kisha, kwa namba ya Sabiri, akaandika mwingine: *Mwache hai. Mfungue, mpe maji, muondoke haraka.*

Dakika chache baadaye Abasi akaonekana hewani. "Imefika," Octavian alisema.

Sabiri akajiegemeza. "Haya mambo nimeyachoka, fundi. Nilipokuwa na umri wako niliapa kazi mbili tu, kisha niuze mchele."

Simu ya Sabiri ikalia.

*Nimemfungua mzee, kaondoka kwa miguu. Ahsante. Nilikuwa naogopa utasema lingine.*

Sabiri alisoma. Akasoma tena. Kiti kililia aliposimama.

"Umefanya nini?"

"Ulisema hakuna maiti."

"Yule mtu ana mdomo! Ana mdomo, na anatujua!"

Bastola ilipanda mpaka usawa wa jicho la Octavian. Octavian aliitazama, hata nguvu ya kuomba hakuwa nayo. Nje cherehani zilinyamaza kidogo, zikaanza tena. Risasi moja ingeileta Mtendeni nzima. Sabiri alijua. Akaigeuza, akampiga kwa kitako juu ya sikio. Kisha akaibeba sava, akaibamiza ukutani, akatoka kwa mlango wa uani.

SAA TANO

Octavian aliinuka damu ikimtiririka shingoni. Stendi haikuwa mbali. Basi la Nzega lilikuwa likipakia.

Lakini Najiat alikuwa ofisini, amekaa, anangoja ujumbe mwingine. Gerson akishasema, polisi wangeanzia ghalani. Sava ilikuwa vipande. Namba yake ya kawaida Octavian hakuwa nayo, ndivyo walivyopanga.

Akachukua bodaboda mpaka Cheyo.

Alimkuta dirishani. "Dada, ondoka. Sasa hivi. Chukua watoto, nenda kwa mama yako."

"Umefanyaje kichwani?"

"Najiat, ondoka!"

Najiat akapita mlango wa nyuma, viatu mkononi. Octavian alikaa kwenye ngazi ya ghala kwa sababu kichwa kilikuwa kikimzunguka. Gari la polisi lilipoingia, walimkuta pale pale, mtu asiye mfanyakazi, shati limelowa damu, hana maelezo.

JIONI

Kituoni watuhumiwa walipangwa ukutani. Abasi alikuwa amekamatwa na Fuso kabla ya kuwafikia wanunuzi. Sabiri hakuonekana.

Gerson aliletwa atambue. Mtu mfupi, vumbi mpaka kwenye nyusi, alama za kamba mikononi. Alimpita Octavian, akatikisa kichwa.

"Huyu simjui."

Akasimama mbele ya Abasi.

"Ni huyu," alimwambia askari. Kisha akashusha sauti. "Abasi. Wanangu watatu watakukaribisha nyumbani kwangu siku ukitoka. Ungeweza kuniua, ukaniacha."

Abasi akainamisha kichwa. "Si mimi, kaka. Mzee ndiye aliyesema nikuache."

"Basi Mungu amlipe huyo mzee."

Octavian alifumba macho. Ukuta ulikuwa wa baridi, akauegemea.