Leo Ni Moja

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishalia, wanafunzi wa darasa la sita wa shule ya Idi-Ose hawakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Walisogeza madawati, wakakaa watatu watatu, wakamngoja Mwalimu Ogunwale aandike fumbo la namba ubaoni. Wengine hufikiri kwa kukuna kichwa, wengine kwa kutafuna kalamu. Gbemisola hakukuna wala hakutafuna. Kabla chaki haijarudi mezani, jibu lilikwisha kumtoka mdomoni.

Wenzake wa kundi walikuwa wawili. Sikiru alihesabu kwa vidole na kuongea polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Bolatito alikuwa mjukuu wa muuza akara, zile bajia za kunde, na asubuhi alinukia mafuta ya kukaangia. Kazi ya wawili hao katika kundi ilikuwa moja tu: kumpigia Gbemisola makofi.

Ijumaa hii ilikuwa nzito kuliko nyingine. Kundi litakaloshinda ndilo lingeiwakilisha shule kwenye shindano la chemsha bongo redioni, mjini Oshogbo. Gbemisola alikuwa ameshawatangazia majirani wanunue betri mpya.

"Sheria mnazijua," alisema Mwalimu. "Jibu ni la watu watatu. Mkubaliane wote, kisha mimi nitachagua wa kulieleza. Mwenzake akimdakia maneno, kundi zima linaketi."

Akaandika: *Soko dogo hukutana kila siku ya tano. Soko kubwa hukutana kila siku ya tisa. Leo yamekutana yote mawili. Yatakutana tena lini? Onyesheni mfuatano.*

Gbemisola alikwisha kufika ubaoni. "Tano mara tisa, arobaini na tano!" Akaiandika kubwa, akaipigia mstari.

"Kundi lako limekubali?"

"Limekubali, Mwalimu."

"Nawauliza wao."

Bolatito aliangalia viatu vyake. Sikiru alisimama taratibu. "Mimi... sijakubali, Mwalimu."

Darasa likalipuka kwa kicheko. "Leo konokono kamsimamisha swala!" alipiga kelele Akanbi wa kundi la pili.

"Basi mkazungumze," alisema Mwalimu. "Na mfanye upesi. Kundi la Akanbi nalo lina kalamu."

Gbemisola alirudi akiwa amevimba. "Sikiru, unataka kutukosesha Oshogbo? Tano mara tisa ni ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Sasa?"

"Sina ugomvi na kuzidisha kwako. Nina ugomvi na soko. Soko dogo lililopita lilikuwa Jumatatu, na leo Ijumaa lipo tena. Haya, hesabu."

"Jumanne moja, Jumatano mbili, Alhamisi tatu, Ijumaa nne. Nne! Kwa hiyo Mwalimu kakosea."

"Hajakosea. Mama yako akisema soko ni siku ya tano, huanzia kuhesabu wapi?"

Idi-Ose nzima huanza na siku ile uliyosimama. Leo ni moja, kesho ni mbili. Hata Gbemisola, akitumwa na mama, alihesabu hivyo hivyo. Lakini akivuka tu geti kuingia shuleni, alianza kuhesabu kuanzia kesho, kana kwamba leo haipo.

"Halafu bibi yangu," alisema Bolatito kwa sauti ndogo, "kila soko kubwa likifika huwa analalamika, maana soko dogo nalo lipo siku hiyo hiyo. Hajui akara azipeleke wapi. Yangekuwa yanakutana baada ya siku arobaini na tano, si angekuwa ameshasahau malalamiko?"

"Mbona hukusema?"

"Ulituachia nafasi ya kusema?"

Maneno hayo yaliingia kama mwiba. Kule pembeni, Akanbi na wenzake walikuwa wakiinakili ile arobaini na tano kutoka ubaoni, wakitabasamu. Gbemisola aliinuka, akaenda ubaoni, akaifuta kwa kiganja chake mwenyewe.

"Profesa anafuta!" walizomea wengine.

"Ndiyo, nafuta. Sikiru, njoo tuhesabu. Leo ni moja."

Vichwa vitatu viliinamia karatasi moja. Punde mikono mitatu ikanyooka juu. "Tumekubaliana!"

"Na sisi!" alisema Akanbi. "Arobaini na tano!"

Mwalimu alimnyooshea Sikiru chaki.

Sikiru akaandika: 1, 5, 9, 13. Chaki ikakatika. Akaiokota, akasimama, akaitazama. Gbemisola alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Jibu lilikuwa linamsukuma meno. Sikiru akaandika chini yake: 1, 9, 17.

"Tisa ipo juu, tisa ipo chini," alisema. "Leo Ijumaa ni moja. Tisa ni Jumamosi ya wiki ijayo."

"Na kukiwa na soko la tatu, la kila siku ya kumi na saba, nalo limekutana leo? Yote matatu yatakutana tena lini?" aliuliza Mwalimu.

Sikiru akaongeza 17 baada ya 13. "Siku ya kumi na saba, Mwalimu. Hilo halitaki hata vidole."

Aliyeanza kupiga makofi ni Gbemisola.

"Oshogbo mtakwenda ninyi," alisema Mwalimu. "Gbemisola, kuzidisha unajua. Kosa lako ni kukimbia na fumbo kabla wenzako hawajaligusa. Wazee wetu husema mkono wa mtoto haufiki rafuni, na mkono wa mtu mzima hauingii kibuyuni. Kila mkono una pake. Na ninyi wawili, kunyamaza na jibu unalo nako ni kosa. Asiyesema haki yake asimlaumu anayesema kwa niaba yake. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Mwalimu."

Gbemisola aligeuza dawati lake likawatazama wenzake. "Haya, tufanye mazoezi. Nipeni fumbo lolote. Sijibu mpaka mseme ninyi kwanza."

"Mbili, tano, kumi, kumi na saba," alisema Bolatito. "Inayofuata?"

Gbemisola aliijua papo hapo. Akauma midomo, akakalia mikono, macho yakamtoka. Sikiru alikuwa ndiyo kwanza anakunja kidole cha pili.

"Sikiru, ndugu yangu," alisema kwa unyonge, "nakuomba sana, kunja haraka."