Chupa ya Maji Matupu

Likizo ilipoanza, binti mmoja wa darasa la sita alikwenda kukaa kwa mama yake mdogo. Kila mtu alimwita Chapuchapu, maana alikula upesi, alifagia upesi, na hata kulala alilala kama mtu anayefukuzwa. Asubuhi moja alimaliza kuosha vyombo kabla chai haijapoa. Mama mdogo akainua kikombe kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu, hiki umekiosha au umekisalimia tu?"

"Maji yenyewe yako wapi, mama mdogo? Bomba linatoa machozi."

Hapo alisema kweli. Mabomba makubwa yanayovuta maji ziwani yalikuwa yamejaa kome wageni. Ni viumbe wadogo kama ukucha wa kidole gumba, wenye magamba mawili yanayofunguka na kufungwa kama mlango. Walikuja wameganda kwenye mashua kutoka mbali, wakapapenda, wakahamia. Walijishikiza kwenye chuma kwa nyuzi ngumu, mmoja juu ya mgongo wa mwingine, mpaka njia ya maji ikaziba.

Mama mdogo alifanya kazi katika maabara iliyo kando ya nyumba ya pampu. Alikuwa akitafuta kipimo cha dawa kitakachowaua kome bila kudhuru samaki. Maabara nyingine, ng'ambo ya ziwa, ilipima dawa hiyohiyo. Majibu ya pande mbili yakilingana, dawa ingeruhusiwa na mji ungepata maji. Yasipolingana, watu wangeendelea kupanga ndoo foleni.

Siku hiyo alimchukua Chapuchapu kazini. "Dawa huigusi," alimwonya. "Wewe utanikusanyia kome." Akamwonyesha kamba zilizoning'inizwa majini, zimejaa kome tele. "Unakata uzi kwa mkasi, hivi. Usimvute. Uzi huu umetoka mwilini mwake. Ukimvuta unamchana ndani, na kwa nje huoni kitu."

Fundi wa pampu, aliyekuwa akipangusa mafuta mikononi, akacheka. "Wachinje kabisa, binti! Mimi wamenizeesha hao."

"Fundi, usinifundishie mtoto ujinga," mama mdogo akajibu, akaingia ndani.

Chapuchapu akaanza kukata. Mmoja. Mwingine. Mkasi ulikuwa mdogo na nyuzi zilikuwa nyingi. Nje ya uzio wasichana wa jirani walikuwa wakiruka kamba. "Chapuchapu! Zamu yako inapita!" Akatazama ndoo, ina kome wachache tu chini. Akatazama mlango wa maabara. Akaweka mkasi chini, akaanza kuvuta. Tap, tap, tap. Punde ndoo ikajaa.

"Umeshamaliza?" mama mdogo alishangaa. "Wote umewakata?"

"Wote," akasema. Neno lenyewe fupi, likatoka bila shida.

Mama mdogo akawagawa kome katika chupa pana za kioo. Chupa moja aliitia dawa kidogo, nyingine zaidi, nyingine zaidi ya hapo. Ya mwisho ilikuwa na maji matupu ya ziwa.

"Hii mbona huitii dawa?" Chapuchapu akauliza.

"Hii ndiyo shahidi wetu. Wa humu wakifa, tutajua kuna jambo jingine limewaua."

Kesho yake mama mdogo alipotoka kuzungumza na fundi, Chapuchapu akaichungulia chupa ya maji matupu. Kome wengi walikuwa wameachama. Akawagusa kwa brashi laini, kama alivyofundishwa. Kome mzima hufunga mlango wake papo hapo. Hawa hawakufunga. Akakimbia kwenye kamba, akakata wazima kwa mkasi, akarudi, akatoa waliokufa na kutia wazima. Hata hilo alilifanya upesi.

Mama mdogo aliporudi alifurahi mno. "Maji matupu, wote wazima. Dawa kidogo, karibu wote wamekufa! Basi kidogo tu kinatosha."

Furaha haikumaliza mchana. Simu ililia. Alikuwa mtaalamu wa ng'ambo, kijana aliyeanza kazi majuzi.

"Dada, kwa kipimo hicho wa kwangu wanadunda tu. Wa kwako wanakufa kwa kunusa?"

"Pima tena, mdogo wangu."

"Nimepima na kurudia, dada."

Mama mdogo akaweka simu chini, uso umemkunjamana. "Kijana yule ana haraka. Nitawaambia wakubwa kazi yake haiaminiki."

Chapuchapu alisikia neno "haraka" likamchoma. Sifa yake yeye ilikuwa inakwenda kubandikwa kwa mtu mwingine. Na fundi angemimina dawa haba, kome wangebaki, na ndoo zingebaki foleni.

"Mama mdogo, si yeye. Ni mimi. Niliwavuta. Tena wa chupa ya shahidi walikufa, nikawabadilisha."

Mama mdogo akaketi. Kisha akainua simu.

"Mdogo wangu, nisamehe. Kosa liko huku kwangu. Hebu niambie, wewe unafanyaje, tangu mwanzo?"

Wakazungumza mpaka sikio likamuuma. Kumbe yeye kijana huwapumzisha kome kwenye maji safi kabla ya kuwapima, na mama mdogo hakuwa akifanya hivyo. Kumbe mama mdogo huwagusa kwa brashi, na kijana alikuwa akiwatazama kwa macho tu. Dawa moja, kila mtu na upishi wake. Wakakubaliana kufuata njia moja: kukata uzi, kupumzisha, kugusa kwa brashi, na chupa ya maji matupu ikae bila kuguswa na mjanja yeyote.

Chapuchapu akarudishwa kwenye kamba na mkasi wake. Wasichana wakaita. "Nakuja nikimaliza!" akajibu, na jua likazama akiwa bado anakata.

Safari hii majibu ya pande mbili yakalingana. Dawa ikaruhusiwa, kwa kipimo kikubwa kidogo kuliko kile cha kwanza, na samaki hawakudhurika. Kabla likizo haijaisha, bomba la jikoni lilikohoa, likatema kutu, kisha likamwaga maji kwa nguvu.

Chapuchapu akaosha vikombe. Mama mdogo akasimama karibu naye.

"Kuvuta kome lilikuwa kosa, lakini chupa ilikuwa imeshatuambia, tungelirekebisha siku ileile. Ulipowabadilisha ndipo ulipomziba shahidi mdomo. Kukosea kazini hakumwangushi mtu, mwanangu. Kuficha ndiko kunakomwangusha, na kunamwangusha pamoja na wengine. Hata mimi nilimshuku mwenzangu kabla ya kujikagua mwenyewe."

Chapuchapu akasuuza kikombe cha mwisho, akakiinua mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Akakitazama. Akakirudisha kwenye sabuni.