Kofia Kumi na Mbili za Wodini

Nikiri mapema: kosa hili na mimi nimo. Kofia zile za kwanza niliziona, nikazisifu mpaka koo likanikauka. Ndani sikutazama.

Aliyezifuma ni mpishi wa shule ninayofundisha. Akishaosha masufuria, alikaa kwenye benchi la jikoni na sindano yake ya kroshia, ile yenye kulabu nchani. Alifuma kofia kumi na mbili za sadaka, kwa wagonjwa wa saratani wa wodi moja hospitalini. Dada yake mkubwa alikuwa mmoja wao. Dawa zilimmaliza nywele zote. Kichwa kilimuuma kwa baridi, na usingizi ukampaa.

Mpishi hakutaka kofia kavukavu. Kila moja aliijaza vinundu vilivyosimama kama njegere. Uzi ulikuwa wa sufu, mgumu, wa rangi za kuwaka.

Siku ya kuzigawa, wodi nzima ilishukuru. Dada alivaa ya kwake palepale.

"Umependeza, dada."

"Nimependeza, au nimekuwa shamba la njegere?"

Wakacheka.

Wiki iliyofuata mpishi alikuja kumwona, akaaga, akafika getini. Hapo akakumbuka chupa ya chai. Akarudi. Dada alikuwa ameshaivua kofia. Utosi wote ulikuwa na vishimo vidogovidogo, na mahali pengine ngozi imechubuka. Kwenye kitanda cha jirani, kofia nyingine ilining'inia imejaa vijiko.

"Dada, kumbe unaivaa nikija tu?"

Dada alitazama ukutani. "Umefuma mpaka vidole vikaota sugu. Ningesemaje, mdogo wangu?"

"Ungesema inaumiza."

"Zawadi haisemwi hivyo."

Mpishi aliketi ukingoni mwa kitanda. Alidhani anawasaidia. Kumbe wao ndio waliokuwa wanamvumilia, wote kumi na wawili.

Muuguzi alikuwa pale anabadilisha shuka. Aliichukua ile kofia, akaigeuza ndani nje.

"Mama, hebu ipitishe shavuni kwako."

Mpishi aliipitisha.

"Hii ningesugulia masufuria," akasema.

"Basi umeelewa. Kichwa kisicho na nywele ngozi yake ni nyepesi kama ya mtoto mchanga. Tafuta uzi wa pamba, ulio laini. Pima kichwa kwa kamba, maana bila nywele kimepungua. Ncha za uzi zifiche, usiache fundo ndani. Ukimaliza, fua, anika, tia kwenye mfuko safi."

"Na mapambo niache?"

"Kwa nini uache? Hawa ni watu, si magunia ya kufunikwa. Wanapenda kupendeza. Mapambo yabaki nje tu. Na rangi, waulize wenyewe."

Mpishi alizunguka kitanda kwa kitanda na kamba yake, anapima, anauliza. Mzee mmoja alitaka nyeusi. "Mvi sina tena," alisema, "acha nirudi ujanani."

Safari hii sindano haikuingia juu ya kila kishono. Ilipita nyuma ya shingo ya kishono, ikatokea mbele. Mistari ikainuka kwa nje kama matuta ya shamba, na ndani pakabaki laini. Kila kofia aliigeuza, akaipitisha shavuni. Iliyokwaruza aliifumua, hata kama ulibaki mstari mmoja tu iishe. Roho ilimuuma, lakini aliifumua.

Baada ya wiki tano alirudi wodini. Mzee wa kofia nyeusi hakuivua hata daktari alipopita. Mama mmoja, ambaye hakuwahi kumsemesha mtu, aliomba kioo.

Dada alivishwa wa mwisho. Ya kwake ilikuwa ya kijani. Mpishi alivuta ukingo polepole mpaka ukafunika masikio, akamlaza. Hata saa ya chai haikuwa imefika. Macho ya dada yalijifumba, pumzi ikawa ndefu, kisha ukasikika mkoromo mdogo.

Mpishi akainama karibu na sikio lake.

"Usinionee haya, dada. Niambie kama inakuumiza popote."