Kiko Kisichozimika

Kiko kilikuwa kabatini tangu asubuhi, kimeviringishwa ndani ya sweta, na Générose alipofungua mlango saa kumi na moja jioni, kilikuwa kinang'aa.

Alijua hakikupaswa. Kazi yake, katika ghala moja la vifaa vya wavutaji huko ughaibuni, mjini Burnsville, ilikuwa kupima viko vya kioo: kuviweka chini ya taa kali, kuviingiza katika chumba cha giza, kuandika kipi kinang'aa na kipi haking'ai. Nahashon, Mkenya aliyefanya naye kazi, alimweleza siku ya kwanza.

"Hii kioo haina stima yake, Mama Pacifique. Iko na unga ndani. Unga inakunywa mwanga ya taa, halafu inautoa polepole. Masaa machache, imeisha."

Hiki cha kabatini kilikuwa na kasoro mdomoni, kikawekwa kando kitupwe. Kwao hakuna aliyevuta, na Générose hakuona kiko. Aliona taa ndogo ya binti yake, Pacifique, wa miaka sita, aliyeogopa giza tangu kambi ya wakimbizi. Aliomba ruhusa, akakileta nyumbani, mji jirani wa Richfield. Kisha, kama wafanyavyo kanisani kwao kwa kila kitu kipya kinachoingia nyumbani, akakipaka mafuta ya maombi na kukitajia jina la mmiliki wake: hiki ni cha Pacifique.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatano mwalimu alipiga simu kusema mtoto anasogeza kitabu hadi puani. Ijumaa Pacifique alijigonga kwenye fremu ya mlango, akaiomba msamaha, akidhani ni mtu. Daktari alimulika macho yale na kusema hayana ugonjwa.

Sasa Générose alisimama mbele ya kabati akisikia, kutoka ndani ya sweta, bubujiko la maji, ingawa ndani ya kile kioo hamkuwa na hata tone, bubujiko linalopanda na kutulia kama la mtu anayevuta bila haraka, na harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi ikamjia, na kila bubujiko lilipopanda ile rangi ya kijani ilizidi, hadi nyuma yake mtoto, aliyekuwa ameketi kitandani, akasema kwa utulivu kwamba uso wa mama umeondoka.

Alimpigia Nahashon, akinong'ona. Akamweleza yote.

"Kama hujaipea taa," Nahashon akasema, "basi inakunywa kwa mtu."

Mama Ernestine, kiongozi wa kikundi cha maombi, alifika kutoka mji wa New Hope na theluji viatuni. Alisikiliza yote bila kukaripia. Alisema mama yeyote angefanya vile. Lakini Générose alipokiinua kiko akipasue kwenye sinki, Mama Ernestine alimshika mkono.

"Usikivunje. Mwanga wa mtoto uko humo. Ukimwagika, nani ataukusanya?"

"Basi tumfukuze huyo aliye ndani."

"Tutaomba, binti yangu. Lakini hakuiba. Wewe ulimpa jina, kwa mafuta. Hataliachia mpaka ashike lingine." Mama Ernestine alitoa chupa yake. "Taja langu. Mimi nimeshaona vya kutosha."

Générose alimtazama yule mama mzee, aliyeendesha gari peke yake barabara yote ile yenye barafu kwa sababu tu ameitwa. Akatikisa kichwa kukataa. Akachovya kidole, akapaka kioo, na kwa sauti ndogo kuliko pumzi akataja jina lake mwenyewe, lote, pamoja na lile alilopewa na bibi yake.

Bubujiko likakatika. Kiko kikawa kioo tu.

Pacifique akashuka kitandani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye viatu vya Mama Ernestine, akaanza kuhesabu kwa Kiingereza madonge ya theluji yaliyokuwa yakiyeyuka. Générose alipiga magoti akamkumbatia, akalia. Juu ya bega la mtoto aliona kijani kikianza tena, chembamba, halafu kikijaa upesi, kama kilichokaa na kiu siku nyingi.

"Mama Ernestine," akasema polepole, mtoto asisikie, "washa taa ya dari."

Mama Ernestine aliinua macho darini. Taa ilikuwa inawaka.