Mkorosho wa Mama Mdogo

Ijumaa, saa 3:10 asubuhi. Nachingwea.

Chumba cha nyuma cha gereji. Watu watatu, meza moja. Juu ya meza kisu cha kubebeshea miche, boksi la barafu, bastola na simu ya batani.

Imrani alikuwa anachora shamba kwa chaki juu ya ubao. Mtoto wa mjini huyu, mkongwe wa madili. Alikuja Nachingwea mwezi uliopita akijiita mnunuzi wa ufuta, na hajanunua hata kisado. Stefano alikuwa dereva, Mmakonde wa Newala, mwenye pikapu nyeupe na maneno machache. Wa tatu alikuwa Shaibu, na Shaibu ndiye aliyeujua mti.

"Rudia," Imrani alisema. "Stefano asije akasema hakuelewa."

Shaibu akarudia. Shamba liko Mbekenyera, mikorosho mia mbili. Ubwiriunga ukiingia, ule ukungu mweupe unaokausha maua, mikorosho yote inaungua isipokuwa mmoja. Huo haujawahi kupigwa dawa ya salfa na kila mwaka unazaa. Msimu uliopita Shaibu alikuwa kibarua wa watafiti pale, akifunga vifuko vya karatasi kwenye maua. Mtafiti mwenyewe, dada Prisca, aliwaeleza vibarua kwa lugha nyepesi. Ndani ya jani kuna jeni. Jeni ni maelekezo tu, kama vipimo anavyoandika fundi cherehani. Jani linayasoma, linashona protini. Mti ule una jeni moja ambayo wenzake hawana, na protini yake inauzuia ukungu usipenye kwenye ua.

"Umewekwa alama?" Stefano aliuliza.

"Prisca alikataza, usije ukaibiwa. Wanaoujua ni watu watatu. Yeye, mimi na mwenye shamba."

"Mwenye shamba nani?"

Shaibu aliangalia sakafu. "Amna. Mama yangu mdogo."

Stefano akageuka kumtazama. Imrani hakuwa na haya huyo. "Tatizo ni kwamba mama mdogo hatoki. Na mgambo Masoudi haachi lindo. Lakini kuna jambo moja linamtoa mtu nyumbani bila hata kufunga mlango." Akamsukumia Shaibu simu yake. "Piga, mwanangu."

Shaibu na Imrani walishakubaliana tangu jana, Stefano hayupo. Jana lilikuwa neno tu, na Imrani alikuwa ameahidi pikipiki mpya. Pikipiki! Mtu mzima mwenye ndevu zake.

Saa 3:25.

"Mama mdogo." Sauti ilimkatika yenyewe, hakuigiza. "Mama katutoka. Alfajiri hii. Tunazika leo baada ya alasiri."

Upande wa pili Amna alipiga ukelele. Kisha sauti nyingine, na nyingine, kitongoji kizima kikaitikia. Hakuna aliyeuliza swali. Nani atamwuliza mtoto kama ana uhakika na kifo cha mama yake? Bi Zulfa, mama yake Shaibu, hakuwa na simu, na kwake Ruponda mtandao ni wa kubahatisha.

Halafu Amna akarudi kwenye simu. "Usilie sana, baba. Mama yako sasa ni mimi. Umesikia? Mimi nipo."

Shaibu akakata.

"Mama yako kafa na wewe umekaa hapa?" Stefano aliuliza.

"Hajafa," Imrani alicheka. "Muda huu anachambua mbaazi zake."

Stefano akafanya ishara ya msalaba. "Mimi mwizi," alisema. "Sikatai. Lakini hili..."

"Hili nini? Washa gari."

Saa 6:40 mchana. Mbekenyera.

Kitongoji kilikuwa kitupu. Maiti ya Muislamu haicheleweshwi, kwa hiyo watu walikuwa wamepanda Fuso moja kama walivyo, wazee, wanawake na mgambo Masoudi na rungu lake. Milango wazi. Kuku walikuwa wanadonoa mtama uliomwagika barazani.

Kwa mama mdogo sufuria ya mihogo ilikuwa bado jikoni, maji yamekauka, inaanza kuungua. Shaibu aliinama akaiepua. Alijiona mjinga. Umewatoa watu kwao kwa machozi, halafu unawaokolea mihogo?

Alipogeuka, Stefano alikuwa ameshafunua turubai. Chini yake ulilala msumeno wa mashine.

"Huo wa nini? Tumefuata vikonyo vya kubebeshea tu, na vinakatwa kwa kisu."

"Kazi yako kuonyesha mti," Imrani alisema. "Onyesha."

Shaibu akaelewa. Walitaka kuuangusha mti. Alitembea katikati ya mistari, akaupita mti wenyewe bila kuutazama, akasimama mistari miwili mbele. "Huu hapa."

Imrani hakukata. Alichuma jani, akalitia kwenye kifuko chenye dawa, akalisaga kwa vidole, akachovya kijiti cha karatasi. Kipimo kama kile cha malaria cha zahanati. Tajiri aliyemtuma alimpa na maelezo: protini ikiwepo, mistari miwili. Isipokuwepo, mmoja.

Wakasubiri dakika kumi. Imrani alivuta sigara mpaka kichungi. Mstari ukatoka mmoja.

Kitako cha bastola kikampata Shaibu juu ya jicho. Alianguka kwenye majani makavu.

"Nina vipimo vya kutosha," Imrani alisema polepole. "Nitapima shamba zima. Au niende Ruponda. Taarifa ya kifo tushaitoa, imebaki maiti tu."

Shaibu akainuka. Damu ilimwingia jichoni. Akanyoosha kidole, chake mwenyewe, kile kile alichokuwa akifungia vifuko. Safari hii mistari ikatoka miwili.

Saa 7:30.

Alikata vikonyo yeye. Hapakuwa na mwingine anayejua. Alichagua vilivyonona nchani, akaondoa majani, akaacha vijiti vifupi vya majani, akavifunga kwa kitambaa kibichi, akavilaza kwenye boksi. Mikono ilifanya kazi safi. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote, kwamba hata pale mikono yake iliona raha ya kazi iliyofanywa vizuri.

Kisha mashine ikanguruma.

"Hatukukubaliana hivyo!"

"Tajiri anautaka awe nao peke yake. Huu ukibaki, tulichobeba ni kuni."

Shaibu alimkamata Stefano mkono. Stefano hakumtazama usoni. Imrani akamvuta kwa ukosi, akamtupa pembeni na kumwekea bastola kifuani. Mti ulichukua dakika nne kuanguka. Na kwa kuwa mkorosho ukikatwa huchipua, Imrani akamwaga dawa ya magugu kwenye kisiki, dumu zima, huku akipiga mluzi.

"Panda, tuondoke," Stefano alisema.

"Huyu hapandi," Imrani alisema. "Anayemuuza mama yake, mimi ataniacha?"

Pikapu ikaondoka na vumbi lake. Shaibu hakukasirika hata. Jambazi alikuwa amesema kweli, afanyeje?

Saa 8:05. Simu ikaita mfukoni. Namba ya mgambo Masoudi.

"Shaibu."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Akakaa chini palepale, kwenye unga wa mbao.

"Watu wamenijaa uani," Bi Zulfa alisema. "Wameleta sanda, unga, mikeka. Mdogo wangu kazimia mara mbili, ya kwanza kwa kulia, ya pili kwa kuniona. Nimewaambia mwanangu hafanyi mambo haya. Nimewaambia mtu kaiba simu yake, kaigiza sauti. Ndivyo, siyo?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, ndivyo, na angetoka msafi.

"Ni mimi, mama."

Mbuzi akalia huko Ruponda.

"Basi njoo. Watu hawajaondoka."

Kabla ya kutafuta bodaboda alimpigia Prisca. Akataja majina, rangi ya gari, barabara waliyoshika. Stefano alinaswa kwenye kizuizi cha polisi, akajisalimisha bila ubishi. Imrani alikuwa ameshashuka njiani na boksi lake, na mpaka leo hajaonekana.

Saa 11:30 jioni. Ruponda.

Shaibu alikuta mikeka bado imetandikwa. Hakuna aliyemfokea. Afadhali wangemfokea, afadhali wangempiga. Prisca alikuwa amesimama ukingoni na askari wawili.

"Mti?" Amna alimwuliza Shaibu.

"Wamekata. Kisiki wamekitia sumu."

Amna akamgeukia Prisca. "Wewe si ulisema umeyaandika hayo maelekezo yake?"

"Yapo kwenye kompyuta, mama," Prisca alisema. "Lakini maandishi hayazai korosho."

Bi Zulfa akaonyesha mahali karibu na mlango, pale anapokaa mfiwa. "Kaa hapo. Watu wametoka mbali, wamekuja kukupa pole. Mpeni mkono."

Masoudi alitangulia. "Pole kwa msiba." Kisha mkewe, kisha wazee, kisha wale walioacha vyungu motoni. Mkono baada ya mkono. Pole kwa msiba. Pole kwa msiba. Mfiwa hujibu kwamba ni kazi ya Mungu, na Shaibu kila alipofungua mdomo neno lilikwama, maana kazi hii Mungu hakuwamo.

Amna alifika, akamtazama jicho lililovimba, akapita bila kunyoosha mkono.

Askari walisubiri mstari uishe. Mstari ulipokwisha, Bi Zulfa mwenyewe akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaja akasimama mbele ya mwanawe.

"Pole kwa msiba," alisema, akampa mkono.

Shaibu akaupokea. Ulikuwa wa moto.