Mbuzi Wawili Mbele ya Juji

Jumatano, saa tatu ya asubuhi, njo maisha yetu yalikatika. Na mimi, minyi niko na miaka kumi na sita, niko sekondari hapa Kamina. Nina haya sana, hata darasani sisemi... lakini hii nitaisema.

Baba, karani wa reli, alichukua bibi mwingine akatufukuza, minyi na mama. Vita ilikuwa inakaribia, treni hazipiti tena. Ile Jumatano, mbele ya tribinali, pale kesi zinakatwa, mama aliomba kitu kimoja tu: mashine yake ya kushona, iliyobaki kwa baba. Aliinunua na faida ya kuuza samaki wa Bukama. Njo ilikuwa inatulisha!

Mama mmoja wa kanisa alimwambia atafute avoka, mutu wa sheria wa kumusemea. Mama akakataa: "Avoka ya nini? Kila mutu anajua ile mashine iko yangu!" Alikuwa na hakika hata akapokea vitenge vya watu, akavikata tayari...

Juji akauliza kwa upole, mashine ni ya nani? Kabla mama hajajibu, mujomba, kaka yake mukubwa, akasimama. Alikuwa ametoka Kabongo kwa miguu, akivuta mbuzi wawili. Kwetu, mahari ikirudishwa, ndoa imekwisha na ukoo unabaki na heshima.

"Shemeji, kamata mbuzi yako! Hatutaki kitu chako, hata sindano ya ile mashine!"

Baba akacheka. "Aksanti, shemeji. Bwana juji, umesikia?"

Juji akamuuliza mama kama anakubali. Angemkana kaka yake mbele ya watu wote? Akasema ndiyo... Basi, mashine ikabaki kwa baba!

Avoka angesimama aseme: mahari ni mambo ya ukoo, mashine ni jasho la huyu mama. Sisi, nani angetusemea? Mujomba alitoka pale kifua mbele. Mama aliniambia tu njiani, "Mutoto yangu, nimechoka."

Bamama, badada, nawaomba... musiingie mule peke yenu! Kama avoka ni bei, tafuteni hata mutu mmoja anayejua sheria. Na ukoo musikilizane nao nyumbani kwanza. Kiburi ya ndugu haishoni nguo!

Kesho yake asubuhi nilifunga vile vitenge nivirudishe kwa wenyewe, nikapiga hodi mlango wa kwanza. Mwenyewe akatoka anacheka: "Ee dada, robe yangu ya Pasaka imeisha kushonwa?"

Nikamwekea vipande vyake mkononi... na minyi mwenye haya, nikamweleza yote.